Paneli ya Joto na Ndoo ya Chuchu: Tathmini ya Vifaa vya Kufugia Kuku Katika Baridi ya Fairbanks

Wengi wanaoniuliza kuhusu kufuga kuku kwenye nchi za baridi kali huanza na hita: ninunue ya wati ngapi, na banda liwe na joto kiasi gani? Ninaishi pembezoni mwa Fairbanks, katikati ya Alaska, ambako wastani wa joto la usiku mwezi Januari ni karibu nyuzi 27 chini ya sifuri, na ambako Januari ya mwaka 1934 kipimo kilishuka hadi nyuzi 54 chini ya sifuri. Kwa yale ninayoyaona kwenye banda langu, nasema bila kusita kwamba swali la hita ni la pili. La kwanza ni unyevu. Kuku aliyekomaa, mwenye manyoya kamili na gole lililojaa, ana joto la mwili la nyuzi 41 hivi, na manyoya yake yakivimba hushika hewa inayomkinga vizuri sana. Mwekee maji yasiyoganda na hewa kavu, naye atastahimili baridi ambayo mfugaji wake hawezi kuistahimili kwa nusu saa bila glavu.

Kwa hiyo vifaa ninavyovitathmini hapa, yaani paneli bapa ya joto ya wati 200, vyombo vya maji vya aina tatu vyenye hita, na soketi zenye themostati (zinazowasha na kuzima umeme zenyewe kulingana na joto), nimevipima kwa kigezo kimoja: je, kinasaidia banda kubaki kavu na maji yasigande? Sitaji majina ya kampuni, kwa sababu vifaa hivi vinatengenezwa na wengi na vinafanana mno. Cha muhimu ni kujua kifaa kinafanyaje kazi na kinashindwa wapi. Vipimo vyote ni vya Selsiasi. Vibandiko vya bidhaa za Marekani huandikwa kwa Farenhaiti, na ni vizuri kukumbuka kwamba 40 chini ya sifuri ni ileile kwa vipimo vyote viwili.

Banda lenyewe lina upana na urefu wa mita mbili na nusu, kuta za sentimita 14 zilizojazwa pamba ya kioo, na mbao nyembamba za plaiwudi juu yake upande wa ndani. Plaiwudi hiyo si ya urembo: kuku wakiona povu au pamba ya kuzuia baridi ikiwa wazi wataidonoa na kuimeza mpaka ukuta ubaki tupu. Ndani wanaishi kuku kumi na wawili. Kila kuku hutoa joto la wati 10 hivi usiku na mchana, kwa hiyo kundi dogo kama hilo tayari ni hita ya wati 120 isiyolipiwa bili ya umeme. Tatizo ni kwamba hita hiyo hai hutoa mvuke pia. Karibu robo tatu ya kinyesi kibichi cha kuku ni maji, na kila pumzi inaongeza mengine. Mvuke huo hupanda, hukutana na dari baridi, na huganda hapo. Asubuhi ya baridi kali ukiingia na tochi ukatazama juu, utaona vichwa vya misumari vimeota barafu nyeupe yenye miiba midogo, kwa sababu chuma hupitisha baridi kutoka nje haraka kuliko ubao unaokizunguka. Mimi hutumia vichwa hivyo kama kipimo. Barafu ikiwa juu ya misumari tu, hewa inapita vya kutosha; ikitanda kwenye mbao zote za dari, matundu ya hewa yamezibwa mno, na siku joto la nje likipanda ghafla barafu hiyo itayeyuka na kuwanyeshea kuku mgongoni.

Hapo ndipo vilemba, ile nyama nyekundu ya utosini mwa kuku, vinapoharibika. Kilemba kilicholowa huganda mapema kuliko kilicho kikavu. Ncha zake hupauka, kisha huwa nyeusi, na tishu iliyokufa haifufuki. Ndiyo sababu matundu ya hewa yawe juu, chini ya paa, juu zaidi ya vichwa vya kuku waliolala, yasifungwe hata nje kukiwa nyuzi 40 chini ya sifuri. Hewa ya baridi hiyo karibu haina unyevu wowote, na ikiingia ikapata joto kidogo hunyonya mvuke na kutoka nao. Fairbanks ina bahati moja katika hili: majira ya baridi upepo ni haba, kwa kuwa hewa nzito ya baridi hutuama bondeni, na siku nyingine nyumba za vilimani huwa na joto la zaidi ya nyuzi 10 kuliko sisi tulio chini. Mfugaji wa nyanda za Manitoba huko Kanada, ambako upepo hauna cha kuuzuia, atalazimika kuyakinga matundu yake kwa kibaraza au ubao wa mbele. Hapa tunaacha wazi na kuku hawapulizwi.

Sasa paneli. Ni ubao bapa, mwembamba kama sahani kubwa ya mraba, unaofungwa ukutani au kusimamishwa kwa miguu yake. Haung'ai, haupulizi hewa, na hauna sehemu inayozunguka. Hupasha vitu vilivyo karibu nao kwa mnururisho, yaani joto linalovifikia moja kwa moja kama la jua, kuliko kupasha hewa yote ya banda. Nimeifunga ukutani kwenye ncha moja ya ubao wa kulalia, si katikati. Kuku anayejisikia baridi husogea upande huo, na asiyehitaji hukaa mbali, na usiku baada ya usiku utaona kwamba wakubwa wenye manyoya mazito hawaigombei kabisa. Wanaoikaribia ni wale wanaopukutisha manyoya au walioshuka uzito. Uchaguzi huo ndio sifa yake kubwa kwangu. Hita inayojaza banda zima joto humnyima kuku nafasi ya kuzoea baridi ya mahali anapoishi, na umeme ukikatika usiku wa manane, jambo ambalo linatokea, utakuta kundi lililozoea joto limeachwa ghafla kwenye barafu. Kuku wa paneli wamezoea baridi. Paneli ikizimika wanajikunyata, wanavimbisha manyoya, na wanasubiri kupambazuke.

Je, inapasha kiasi gani? Pamoja na joto la kuku wenyewe na matundu yakiwa wazi, nje kukiwa nyuzi 40 chini ya sifuri, ndani hubaki kati ya 20 na 15 chini ya sifuri. Nje kukiwa 30, ndani huwa karibu na 10 chini ya sifuri. Anayetarajia banda lenye joto la sebuleni atasikitika. Anayetaka kilemba kisigande na maji yanyweke atatosheka. Kwa upande wa gharama, wati 200 kwa saa 24 ni uniti 4.8, na kwa bei ya senti 25 za dola kwa uniti moja hiyo ni dola 1.20 kwa siku ambayo paneli haizimi kabisa. Umeme wa Fairbanks ni ghali kuliko wastani wa Marekani, kwa hiyo hesabu hii si ndogo kwa msimu mzima, lakini ni ya kubebeka kwa familia inayokula mayai yake.

Lazima niseme neno juu ya balbu ya joto, ile nyekundu ya wati 250, kwa sababu wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tumeizoea kwenye bruda ya vifaranga na tunadhani kuku mkubwa anaihitaji vilevile. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kumkinga, na bila joto la nje anakufa. Kuku mkubwa ana koti lake. Balbu hiyo inakula umeme mwingi kuliko paneli, na uso wake huwa moto kiasi cha kuwasha maranda, vumbi au unyoya ukianguka juu yake au yenyewe ikianguka chini. Kuku huruka, hugonga, huning'inia kwenye waya. Mabanda huungua kila msimu wa baridi kwa sababu ya balbu hizi, na katika nchi ambayo bomba la maji la nje limeganda tangu Oktoba hakuna cha kuzimia moto. Sishauri mtu yeyote aitundike kwenye banda la kuku wakubwa, hata kwa minyororo miwili. Paneli nayo inahitaji kuzimwa na kupanguswa kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, maana vumbi la kuku hujishikiza kila mahali, lakini hatari yake ni ya kiwango kingine kabisa.

Soketi yenye themostati ni kifaa kidogo ambacho wauzaji hukipendekeza pamoja na kila hita, na hapa mnunuzi anapaswa kusoma kibandiko kwa makini. Aina inayouzwa sana huwasha umeme joto likishuka hadi nyuzi 2 hivi juu ya sifuri na kuuzima likifika 7. Kwa chombo cha maji ni sawa kabisa: kinawashwa kabla maji hayajaganda na kuzimwa siku za masika. Kwa paneli haina maana hata kidogo, kwa kuwa banda la Fairbanks halifiki nyuzi 7 juu ya sifuri kuanzia Novemba hadi Machi, na soketi hiyo itakuwa imewashwa msimu mzima kama vile haipo. Paneli inataka themostati ya kupangiwa, yenye waya wa kupimia unaowekwa usawa wa ubao wa kulalia, na inayokubali vipimo vya chini ya sifuri. Yangu huwasha kwenye 12 chini ya sifuri na kuzima kwenye 7 chini ya sifuri. Siku za baridi ya wastani tofauti yake kwenye bili inaonekana.

Maji ndiyo sehemu iliyonipa kazi zaidi, na ndiyo inayoamua kama ufugaji huu utakuwa wa furaha au wa kuchosha. Kuku anayetaga hunywa kama robo lita kwa siku, na akikosa maji hupunguza kula, na asipokula hana cha kuchoma mwilini ili apate joto. Usimtegemee adonoe theluji; atatumia joto lake mwenyewe kuiyeyusha na bado hatapata ya kutosha.

Chombo cha kwanza ni drinka la plastiki la lita 11 hivi lenye hita ya wati 100 kwenye kitako chake, mfano wa drinka la kawaida linalojazwa kwa kupinduliwa. Kibandiko kinasema kinafanya kazi hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, na hicho ni kipimo cha kweli, si cha kujikinga tu. Ndani ya banda lenye paneli kinashika vizuri karibu siku zote. Siku za baridi ya kupindukia ukingo wa sinia huanza kushika duara la barafu kutoka nje kuelekea ndani, huku katikati maji yakiwa bado laini, na kuku hulazimika kuinamisha shingo zaidi ili kuyafikia. Kasoro yake kubwa ni ujazaji. Kukipindua chombo cha plastiki chenye maji, ukafungua kitako kwa mikono yenye glavu zilizolowa, kisha ukakirudisha bila kumwagikiwa, ni kazi ngumu hata jikoni. Nje kwenye baridi ya 40 chini ya sifuri maji yaliyomwagikia kwenye mkono wa koti yanakuwa ganda gumu kabla hujafika mlangoni. Kasoro ya pili ni sinia lililo wazi: kuku hukoroga maranda humo, na maji yake hutoa mvuke ule ule tunaoukimbia.

Cha pili ni bakuli la mbwa lenye waya wa joto ndani ya kitako. Wafugaji wengi wanalipenda kwa sababu ni rahisi, ni imara na linajazwa kwa kumimina tu. Kwa kundi la kuku watatu wanne wenye ndevu fupi, yaani nyama zinazoning'inia chini ya mdomo, ningelikubali. Kwa kundi kubwa zaidi silishauri. Kuku anapokunywa kwenye bakuli pana huchovya ndevu zake, kisha huinua kichwa na tone linabaki likining'inia kwenye nyama ile nyembamba. Nimesimama mlangoni nikalitazama tone hilo likipoteza ung'avu na kuwa jeupe kwenye ndevu za jogoo aliyekuwa bado anatembea. Jogoo ndiye anayeumia zaidi, maana ndevu zake ni ndefu.

Cha tatu, ambacho ndicho ninachokitumia na ninachokipendekeza, ni ndoo yenye mfuniko iliyotobolewa na kufungwa chuchu za pembeni, zile zinazolala mlalo na kusukumwa kwa mdomo, huku ndani ya maji kukiwa na hita ndogo ya kuzamisha. Mvuke hautoki kwa kuwa kuna mfuniko, ndevu hazilowi, maji hubaki safi kwa muda mrefu, na kujaza ni kufungua juu na kumimina. Sharti la hita ni moja: iwe na kizimba au kinga inayoizuia kugusa plastiki, na maelekezo yake yaseme wazi kwamba inafaa ndoo za plastiki. Udhaifu wa ndoo hii uko kwenye pini ya chuma ya chuchu, ambayo iko nje ya maji ya moto na ndani ya hewa baridi. Hewa ya banda ikipita nyuzi 20 hivi chini ya sifuri, pini huganda hata kama ndoo imejaa maji ya uvuguvugu. Dawa yake ni mahali pa kuitundika: iwe karibu na paneli kiasi kwamba uso wa chuchu unapokea joto la mnururisho, lakini si chini ya ubao wa kulalia ambako kinyesi kitaiangukia. Tangu iwekwe hapo, asubuhi zinazohitaji kuzigusa chuchu kwa maji ya moto ni chache. Kuku waliozoea sinia huhitaji kufundishwa, na wafundishwe wakati wa kiangazi, si Desemba.

Waya wa kuongezea umeme hautajwi kwenye matangazo ya vifaa hivi, na ni makosa kutoutaja. Waya wa kawaida wa plastiki ukifika nyuzi 40 chini ya sifuri hukakamaa kama fimbo, na ukiukunja ngozi yake hupasuka. Watu wa Fairbanks wanalijua hili kwa sababu huchomeka magari yao kwenye umeme ili injini zisigande, na maegesho mengi ya mji, yakiwemo ya chuo kikuu, yana soketi kwa kazi hiyo. Nunua waya uleule wanaotumia kwa magari, uliotengenezewa baridi ya nchi za kaskazini, na uuchomeke kwenye soketi inayokata umeme yenyewe ikihisi hitilafu. Maunganisho yote yawe juu, mbali na maranda.

Vifaa hivi vyote vinategemea kuku uliyemchagua. Leghorn mwenye kilemba kikubwa cha kusimama anataga sana, lakini hapa kilemba hicho ni mzigo. Ninaowasifu ni Wyandotte, mwenye kilemba kilicholala, na zaidi ya wote Chantecler wa Kanada. Mtawa wa Kitrapisti, Ndugu Wilfrid Châtelain wa abasia ya Oka huko Quebec, alianza kumtengeneza mwaka 1908 akiwa na lengo la kupata kuku wa mayai na nyama anayefaa baridi ya nchi yake, na mwaka 1921 kuku huyo akaingizwa kwenye orodha rasmi ya aina za kuku ya American Poultry Association. Kilemba chake ni kidogo kama kifundo na ndevu karibu hazionekani, kwa hiyo baridi haina pa kushika. Ubao wao wa kulalia uwe mpana, sentimita tisa hivi, upande bapa ukiwa juu, ili kuku akichuchumaa vidole vyake vyote vifunikwe na manyoya ya kifua. Fito za mviringo tulizozoea huacha vidole vimekunjwa na nusu yake ikiwa nje.

Mayai ni suala la mwanga kuliko joto. Mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana wa Fairbanks hauzidi muda wa saa nne, na kuku anayetaga anahitaji mwanga wa saa 14 hivi. Taa ndogo ya LED yenye saa ya kuiwasha alfajiri inatosha. Iwashwe alfajiri na si jioni, ili kuku wapande kulala kwa giza linaloingia taratibu badala ya kuzimiwa taa ghafla wakiwa bado sakafuni. Kuna wanaoona afadhali kuwapumzisha kuku wasitage msimu huo, na nawaheshimu. Anayewasha taa ajue kwamba yai lililoachwa kwenye kiota huganda, hupanuka na kupasuka, kwa hiyo ayaokote mara kadhaa kwa siku.

Kwa wasomaji walio Fairbanks, Yukon au kaskazini ya mbali ya Kanada, nashauri kununua paneli, themostati ya kupangiwa na ndoo ya chuchu kwa pamoja, kwa sababu ndoo bila paneli itaganda pini na paneli bila themostati itakula fedha. Kwa ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili walioko Minnesota au kusini mwa Alberta, ambako baridi ya 40 chini ya sifuri ni ya usiku wa nadra, paneli si lazima ikiwa kuku ni wa vilemba vidogo na banda ni kavu. Huko ningenunua drinka la hita la wati 100 na soketi yake ya nyuzi 2, na fedha iliyobaki ningeitumia kupanua matundu ya hewa chini ya paa.